Kivuli cha Kumtosha Mtu

Palikuwako, au tuseme palijidai kuwako, mji mmoja juu ya vilima vya mawe ya chokaa, na mji huo haukuwa na jana. Si kwamba jana haikupita. Ilipita kama inavyopita kwa watu wote, ikaacha moshi kutani, ikaacha alama za viganja vya watoto milangoni, ikaacha ukungu na njia za mchwa. Lakini kila mwaka, kabla ya mvua, watu walichoma mawe ya vilima vyao wakapata chokaa, wakaipaka nyumba zote kutoka msingi hadi paa, wakapaka makaburi, wakapaka visima na mashina ya mipapai, na kama kulikuwa na kiti alichokuwa akikikalia marehemu, nacho wakakipaka. Kulipokucha, mji ulikuwa mweupe kama yai. Ukimwuliza mtu nyumba yake ilijengwa lini, alikutazama kama uliyemtukania mama. Imejengwa leo. Na sisi tumezaliwa leo. Aliyeyasimamia hayo aliitwa Mwenye Tanuri, na hapo napo watu hawakuafikiana kama alikuwa mtu mmoja tangu mwanzo au walikuwa wengi wakirithishana kofia.

Katika mji huo aliishi mjane mmoja, jina lake Somoe. Kazi yake, kama ya wanawake wengi wa pale, ilikuwa kuchukua mawe kichwani kutoka machimboni mpaka tanurini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na swali moja tu, lililomnasa tangu usichana kama unyuzi wa muwa kwenye jino: ulimi unaugusa, hauutoi. Swali lenyewe ni hili. Kitu kikisha kufutwa, kilikuwako? Mumewe alipokufa walilipaka kaburi lake chokaa, mwaka uliofuata wakalipaka tena, na tena, kaburi likanenepa, likapoteza pembe zake, likafanana na mengine. Siku moja Somoe akasimama pale na kata ya maji mkononi, asijue amwagie lipi. Akayamwagia yote. Ni adabu, lakini si jibu.

Sasa, juu ya vilima hivyo ulikuwa ukiota mti ambao haukuota mahali pengine popote. Ukiupa udongo mzuri mweusi wa bondeni, unanyauka kama mtu aliyelishwa kwa masimango. Ukiuacha juu ya jabali tupu, penye ufa usioingia hata ukucha, hapo unacheka. Mzizi wake huingia ufani ukiwa mwembamba kama uzi wa buibui, unalala humo, hauna haraka, na watu wanaokuja kuupita hawasikii kitu. Kisha siku moja jabali limepasuka vipande viwili na hakuna aliyelipiga nyundo. Gome lake ni la kijivu, lina mabaka kama ya mwamba wenyewe, hata mbuzi huparamia shina akidhani ni jiwe. Wenyewe wakauita mlajiwe, maana haukuonekana ukila kitu kingine. Lakini wazee wengine walisema tumekosea: mti hauli jiwe, unalishika. Ni nani anamshika mwenzake, hilo halikuamuliwa, kwa sababu wakati wa kuliamua ulikuwa umepita. Kuni za mlajiwe zilitoa moto mweupe, na moto mweupe ulitoa chokaa nyeupe. Kuni nyingine zilitoa chokaa ya manjano, kama meno ya mvuta tumbaku. Basi wakaikata milajiwe yote. Tanurini walipanga mti chini na mawe juu, aliyekula na aliyeliwa wakalazwa kitanda kimoja, wakatoka wamekuwa unga mmoja.

Utauliza, mbona hawakupanda mingine? Hawakupanda kwa sababu ya neno walilolikuta. Neno hilo lilisema: apandaye mlajiwe hufa siku kivuli chake kitakapomtosha. Maana yake, ulale chali chini ya mti ulioupanda, na kivuli kikikufunika kutoka utosini hadi nyayoni, basi, umekwisha. Ndiyo sheria. Hakuna aliyewahi kuona mtu akifa hivyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupanda, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kupanda, hakuna aliyewahi kuikanusha. Sheria za namna hiyo hudumu kuliko mawe.

Siku ambayo mlajiwe wa mwisho ulikatwa, Somoe alikuwa machimboni na wifi yake Esha, dada wa marehemu mumewe, mwanamke wa mdomo mwepesi ambaye angeweza kumchekesha mfiwa. Somoe akainua jiwe, akalishusha.

"Wifi, hilo jiwe lina mimba?" akauliza Esha.

"Lina jani."

Kweli, kwenye ufa wa jiwe palikuwa na jani moja, dogo, nene, lenye rangi ya kutu upande wa chini.

"Jani si mzigo. Jitwike twende, jua linapanda."

"Niliweke kando kwanza."

"Kando wapi? Hapa kila kando ni tanuri."

Somoe akainama. Akalibeba jiwe kifuani, wala si kichwani, akalipeleka nyuma ya jiko lake, akalikaza kwenye mwanya wa mwamba lisije likaviringika. Akarudi kazini. Mpaka jua linatua mji mzima ulikuwa umejua.

"Umepanda, wifi," akasema Esha mbele ya wanawake waliokuwa wakipepeta chokaa. "Wenzako nyuma ya jiko wanapanda mchicha, wewe umepanda kufa."

"Sikupanda. Nimeweka kando."

"Na yule anayewekwa tumboni, huwa amepandwa au amewekwa kando?"

Wanawake wakacheka mpaka nyungo zikawatoka mikononi. Somoe naye akacheka, kwa sababu ilikuwa nzuri. Lakini kicheko kilipokwisha, neno lilibaki limekaa, na wale waliokuwa wamecheka sana ndio walioanza kumtazama kama anavyotazamwa mtu anayefunga mizigo ya safari.

Hapo miaka ikapita, ingawa mji haukuiona. Somoe alimsuka nywele binti yake Siwema asubuhi, mtoto wa kumfika kiunoni. Alipogeuka kuchukua mafuta, Siwema alikuwa amesimama mlangoni na nyonga za mwanamke, ana mtoto mgongoni, anauliza ungo uko wapi. Somoe alikwenda kisimani akiwa na meno yote, akarudi na ndoo ileile, maji yaleyale, meno mawili hayapo. Katika mji wote, kitu kimoja tu kilikuwa kikubwa kuliko kilivyokuwa. Watu walipita nyuma ya jiko la Somoe wakainua macho, halafu wakainua shingo, halafu wakasimama mbali ndipo wakakiona chote. Mlajiwe haukushika chokaa. Ilidondoka kwenye gome lake kama maji kwenye jani la myugwa. Ukiutazama ulijua kwamba jana ilikuwapo, kwa sababu jana ulikuwa mfupi. Watu wengine waliupenda kwa hilo, kimyakimya. Wengine walihisi kizunguzungu.

Wakaanza kuja kumpima. Mwanzoni ulikuwa mzaha, baadaye ikawa desturi. Walikuja adhuhuri, jua la utosini, tanuri likiwa linapumua na wachomaji wamepewa nafasi ya kula, kwa kuwa saa nyingine yoyote hawakuwa na nafasi. Somoe alilala chali juu ya mwamba, kichwa kwenye shina, wakatazama kivuli kimefika wapi.

"Kifuani," wakasema, wakaenda kula.

Safari nyingine wakasema, "Kiunoni." Safari nyingine wakasema, "Magotini, bibi, jikaze." Naye alilala pale, akitazama majani kwa chini, upande wenye kutu, akasema na nafsi yake, vipande vipande, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

Nimepanda? Sikupanda.

Mwanamke anayeacha kufagia mahali pamoja, amefanya nini? Hakufanya. Na mahali pale pameota.

Wanasema mti unanijia. Mti hauendi popote. Mimi ndiye niliyelala chini yake.

Kivuli si kitu. Ni mahali ambapo jua halikufika. Wanapima mahali ambapo kitu hakipo, wanasema hicho ndicho kitakachoniua.

Na kama ni kweli?

Kama ni kweli, ni kweli. Mgongo unauma. Mwamba huu una joto.

Mwaka huo chokaa ilitoka ya manjano, na mwaka uliofuata ya manjano zaidi, kwa sababu akiba ya kuni za mlajiwe ilikuwa imekwisha. Kuta zikaanza kuonyesha. Chini ya rangi mpya mtu aliona rangi ya zamani, na chini ya hiyo, mkono wa mtoto. Kikongwe mmoja alisimama mbele ya ukuta wake akalia, akasema, "Huu ni mkono wa Hamadi wangu," na watu wakauliza Hamadi ni nani, naye akaanza kuwasimulia, na hiyo haikuwa desturi ya mji. Ndipo Mwenye Tanuri akafika nyuma ya jiko la Somoe. Alikuja na kofia yake, na sauti laini iliyokunjwa vizuri kama shuka ya mgeni.

"Bibi Somoe, mji unakupenda."

"Ahsante, bwana mkubwa. Sikujua kama unanijua."

"Hatutaki ufe. Kivuli kimefika wapi?"

"Mara ya mwisho walisema kwenye mashavu ya miguu."

"Basi bado kitambo kidogo. Kikifika kwenye vifundo tutaukata, kisikufike nyayo. Tunakuokoa, bibi."

"Na kuni zake?"

"Kuni hazitupwi," akasema Mwenye Tanuri. "Huruma haizuii matumizi."

Alipoondoka Esha alitema mate pembeni. "Umeisikia huruma hiyo, wifi? Ina mpini."

Lakini Siwema hakucheka. Siwema alikuwa mtoto wa pekee, na mtoto wa pekee hana wa kugawana naye msiba. Alikwenda kuazima shoka mwenyewe, akalisimamisha kwenye pembe ya jiko.

"Mama, mimi sitaki chokaa yake. Nyumba yangu na iwe ya manjano, na iwe nyeusi. Mimi nakutaka wewe."

"Ukikatwa, mimi nitakufa lini?"

"Siku yako ikifika."

"Ndiyo hiyohiyo, mwanangu. Tofauti ni kwamba haitakuwa na kivuli."

"Usinifanyie mafumbo! Nimekua kwenye mafumbo ya watu wa mawe mpaka nimechoka. Mti ni mti. Utanishikia nani mtoto nikienda machimboni? Mlajiwe?"

Mambo mawili yalikuwa mezani na hayakutoshana kwenye sahani moja. Ukibaki mti, binti yake ataamka kila siku akimhesabia mama yake siku kwa urefu wa kivuli, na huenda sheria ikawa kweli. Ukikatwa, patakuwa hakuna mlajiwe tena juu ya vilima vyote, wala mbegu yake, wala mtu wa kusema ulikuwako, na baada ya mpako mmoja wa chokaa nyeupe hata Siwema atauliza, mama, huu mwamba nyuma ya jiko ulipasuliwa na nini?

"Nipe uji wa mtoto nimnyweshe," akasema Somoe. "Shoka halijaanza kuongea."

Siku ya vifundo ikafika. Watu walijaa mpaka juu ya kuta. Adhuhuri, Somoe akalala, Mwenye Tanuri akainama akatazama, akainuka na kusema, "Vifundoni. Mwenye uchungu ndiye akate." Siwema akalishika shoka. Mikono haikumtetemeka, alikuwa amekwisha kuitetemesha nyumbani.

"Mama, inuka upishe."

"Nimelala."

"Mama, mti utakuangukia."

"Basi usiukate."

Vikasikika vicheko, na watu wa juu ya kuta wakasonya. Mwenye Tanuri akamwita kwa upole. Akamwita kwa ukali. Akasema watu wanne wamwinue, na wale watu wanne wakatazamana, kwa kuwa kila mmoja aliwahi kunywa maji nyumbani kwa Somoe. Esha akatoa hotuba ndefu juu ya ukaidi wa ukoo wa wifi yake, kuanzia kwa bibi yao mzaa babu. Wakabembeleza, wakatishia, wakaleta machungwa. Somoe alilala. Hakuwa na hasira wala ujasiri. Alikuwa tu hajainuka.

Na jua, ambalo halikuambiwa lisubiri, likainama.

Mwanamke mmoja ndiye aliyeona kwanza. Kivuli kilikuwa kimepita nyayo za Somoe, kimetoka nje ya mwamba, kinatambaa juu ya changarawe. Mwenye Tanuri akarudi nyuma hatua moja. Kivuli kikaja. Akarudi nyingine.

"Bwana mkubwa, unakimbia nini?" akasema Esha. "Simama kikupime, naona kinakutosha na kubaki."

Watu wakaanza kurukaruka kama waliokanyaga siafu. Waliokuwa chini walipanda juu ya kuta, waliokuwa juu ya kuta wakakikuta kimepanda pamoja nao. Kikamfunika kuku, kikafunika watoto wawili waliokuwa wakigombea ganda la chungwa, kikafunika wapimaji wote na mke wa mpimaji mkuu. Hakuna aliyekufa. Wale watoto waliendelea kugombea.

"Kivuli cha jioni hakihesabiwi," akasema Mwenye Tanuri.

"Nani alisema?" akauliza Siwema. Shoka lilikuwa bado begani.

Hakuna aliyesema. Walilitafuta neno lile, wakaligeuza huku na huku. Halikuwa na saa ndani yake. Saa ilitoka kwenye matumbo yao, kwenye nafasi ya chakula waliyopewa na tanuri. Walikuwa wamepima kifo kwa mapumziko ya kazi.

Somoe, bado chali, akasema polepole, "Siku ile niliyoleta jiwe, nilikaa hapa jioni naosha mchele. Lile jani halikuzidi kidole. Jua lilikuwa linazama nyuma yake, na kivuli chake kilikuja chembamba kama ukambaa, kikapanda nyayo, kikapita mapajani, kikanifika utosini, kikaendelea ukutani. Nilikiona. Nikamwaga maji ya mchele, nikaingia ndani." Akafikiri. "Basi nilikufa siku ile."

Alisema kama mtu anayesema, basi ufunguo nimeuacha nyumbani.

"Mama!"

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Kama sheria ni kweli."

Mwenye Tanuri hakuwa mjinga. Aliwaona watu wanavyomtazama mwanamke aliye hai, wanavyoutazama mti, wanavyoanza kutazama nyufa za mwamba kwenye nyua zao. Sheria ikifa mbele ya watu hivi, kesho kila jiko lina mlajiwe nyuma yake, na keshokutwa kila mtu ana jana. Akachuchumaa karibu na kichwa cha Somoe, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Sheria ya mji haiwi uongo, bibi. Ama haijatimia, ama imekwisha timia. Sema u hai: basi haijatimia, tunakuokoa, mti unakatwa sasa hivi. Sema umekufa: basi imetimia, hatuna cha kuokoa, mti unabaki. Lakini aliyekufa hapewi salamu. Hapakuliwi chakula. Haitwi. Jina lake anapewa mtoto atakayezaliwa. Nyumba yake ni ya bintiye. Chagua, jua linatuacha."

Alikuwa na hakika na jibu. Aliwajua watu, nao siku zote huchagua salamu.

Somoe akamtazama Siwema. Akamtazama kwa muda ambao mtu angeweza kumenya muhogo mmoja. Siwema alitikisa kichwa: hapana, mama, hapana. Aliona midomo ya mama yake inavyojiweka, kwa sababu aliijua tangu utoto, inavyojiweka kabla ya kukataa kitu.

"Nimekufa," akasema Somoe.

Akainuka, akajikung'uta changarawe mgongoni.

Shoka likaanguka. Sauti aliyoitoa Siwema ndiyo iliyoanza msiba, na haikuwa ya kuigiza. Watu wakashuka kutani. Yule aliyekuwa karibu na Somoe alimpisha bila kumtazama, na ndivyo ilivyoanza, kirahisi tu, kama mtu anavyozoea kiza.

Walichimba kaburi, wakalifukia tupu, wakalipaka chokaa ya manjano. Somoe alikwenda mazikoni kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Matanga yakawekwa uani kwake, chini ya mlajiwe, kwa kuwa ndipo penye ubaridi, na wanawake wakapika wali na kunde kwenye sufuria kubwa za ukoo. Esha alilia kilio cha kweli, kamasi na yote, akawaambia waliokaa naye, "Marehemu wifi yangu alikuwa mbishi, mtu wa kubishana na jiwe, na jiwe likakubali yaishe." Somoe alikuwa nyuma yake, akatabasamu. Esha hakugeuka, lakini akasogea kidogo kwenye mkeka, pakawa na nafasi ya mtu. Somoe akakaa.

Hakupakuliwa. Alipoona sahani zimekwisha kupita, aliinuka, akajipakulia mwenyewe, na hakuna aliyemzuia, maana ungemzuiaje asiyekuwapo. Siwema alikuwa mbele ya sufuria na mwiko mkononi, macho yamevimba. Mama na binti walisimama karibu kiasi cha kugusana viwiko. Somoe akaonja.

"Chumvi imezidi," akasema.

Hakuna aliyejibu. Kijiko kimoja kiligonga sahani mahali fulani. Siwema aliinamia sufuria, akakoroga, akakoroga tena, wala hakuinua uso.

Kesho yake chumvi ilikuwa sawasawa.